Unga Usioshikana

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha, na mkate wangu wa kwanza umetoka kama tofali. Sitii chumvi. Nimeuweka mezani, meza ikalalamika. Bosi aliutazama, kisha akanitazama mimi. "Siyo," akasema.

Bosi ni mke wangu. Jina hilo nilimpa zamani kwa utani, wateja wakalidaka, na sasa hata nesi anamwita hivyo. Tangu kiharusi kilipomwangusha pale karibu na sinki, mkono na mguu wa kulia havina kazi, na maneno yote yamemtoka isipokuwa hilo moja. Shemeji, yaani mdogo wake wa kike, anasema kiharusi kimemwachia neno alilolitumia zaidi na mimi. Nilicheka sana nilipolisikia. Kisha nikaenda kusimama uani peke yangu.

Chakula hali. Uji anaufumbia mdomo, supu anaitema. Lakini kila asubuhi mkono wake wa kushoto unaelekea kwenye ndoo ya unga. Katika nyumba hii mkate aliuoka yeye tangu tuoane. Mimi ni kinyozi, kazi yangu ilikuwa kuula.

Binti yetu alipiga simu mchana. Ni mwalimu, na hata sisi wazazi wake tunamwita Mwalimu, maana akianza kusema unajikuta umekaa vizuri kwenye kiti.

"Baba, shule zikifungwa mwezi wa tano nakuja. Nikimkuta mama bado anakonda, nitamchukua akakae kwangu."

"Unaniomba au unaniambia?"

"Nakuambia, baba."

Nilikata simu bila kuaga. Nikibaki humu bila huyu mwanamke nitakuwa nazungumza na kuta, na kuta hazijui utani. Basi lazima ale kabla msimu huu wa mvua haujaisha. Mkate ndio anaoutaka, na mkate nitauoka mimi.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kwa mwanamke wa duka la nafaka, tunayemwita Mama Mizani kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizidisha hata punje.

"Nipe unga mzuri wa mkate."

"Magunia yale pale. Huo wa keki, huo wa kazi zote, ule wa mwisho wa mkate. Lakini huo wa mkate siutolei ushahidi, umekaa sana."

"Tofauti yake nini?"

"Mzee, umelala na Bosi nyumba moja miaka yote hiyo, unaniuliza mimi?"

Watu dukani wakacheka. Nikachukua kidogo kidogo katika kila gunia na kuondoka na mifuko yangu ya karatasi kama mtu aliyetoka kuchukua dawa.

Nilimwekea Bosi sahani mapajani. Akachota unga wa kwanza kwa mkono wa kushoto, akaufinya kwa ngumi, akafungua kiganja. Ulikuwa donge, vidole vyake vimejichora juu yake. "Siyo." Wa pili nao donge. "Siyo." Ule uliokaa sana ulipasuka kidogo pembeni, lakini ulishikana. "Siyo."

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa namwona dukani akifanya hivyo hivyo, nami nimesimama mlangoni naona haya kwa mkono wa mke wangu ndani ya gunia la watu. Sikuwahi kumuuliza maana yake. Leo nimeielewa kwa kutazama tu: unga dhaifu ukiufinya unashikana na kubaki na sura ya ngumi. Unga wenye nguvu, ule unaoweza kubeba mkate ukapanda, haukubali. Ukifungua mkono unamwagika.

Kwa hiyo natafuta unga usioshikana. Nimefurahi kujua ninachotafuta.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Hajala.

Jumamosi, 16 Machi

Wateja walikuwa wengi leo, na kila kichwa kilikuja na ushauri wake. Mmoja amesema nichague unga mweupe kuliko yote. Wa pili, sabuni bado iko shingoni, amesema weupe huo ni dawa, nichukue unaoelekea umanjano. Wa tatu akasema nyote hamjui, kinachotazamwa ni tarehe iliyo chini ya pakiti. Walibishana mpaka nikakaribia kukata sikio la mtu.

Nimenunua wote, mweupe, wa manjano na wenye tarehe nzuri. Bosi amenipa madonge.

Jumanne, 19 Machi

Mvua haijapumzika. Paa linavuja karibu na kabati. Unga wa kwenye ndoo umeingia fukusi. Nimeuchekecha, nikawaona wanavyotembea bila wasiwasi kama wenye nyumba. Nimeumwaga wote.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimekwenda hadi kwenye kinu, nje kabisa ya mji, nimefunika kichwa kwa mfuko wa plastiki. Msagaji ni mtu mweupe kwa unga mpaka kope, na anazungumza kwa kupiga kelele hata mashine ikiwa imezimwa.

"Ngano ya msimu huu ililowa ikiwa bado shambani!" akaniambia. "Unga utaupata, mzee. Nguvu hutaipata!"

"Hata kidogo?"

"Kuna mzigo uliovunwa mapema, umeahidiwa kuja. Mvua ikiruhusu. Barabara ikiruhusu. Mwenyewe akiruhusu."

Amenipa uliokuwepo. Bosi aliufinya, ukatoka donge lenye nyufa. Akasema siyo, lakini polepole, na akaligonga donge kwa kidole kama mtu anayefikiria. Nikaoka. Umepanda nusu. Nilikata kipande chembamba, nikatoa ganda, nikamlisha katikati. Akala! Kisha akala tena. Nikamwita Shemeji aje aone. Alipofika, Bosi alikuwa anapaliwa, macho yamemtoka, na Shemeji akampiga mgongoni mpaka kikatoka.

"Shemeji, unamlisha au unamziba?"

"Ni unga. Bado sijapata wenyewe."

"Unga! Kila kitu unga!"

Huyu mwanamke ana mdomo. Tangu aje kutusaidia amekuwa akinihesabia makosa.

Jumapili, 24 Machi

Mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Shemeji amenifuata chumba cha mbele nikiwa namnyoa mtu ndevu.

"Nimemwogesha sasa hivi. Njoo umwone mgongo."

"Nina mteja."

"Mteja hatakimbia, ana povu nusu uso."

Sikwenda. Nilijua nitakachokiona. Nilimaliza ndevu, nikafagia, nikafagia tena mahali palipokwisha kuwa safi. Jioni nimemletea Bosi unga wa duka la pili. Donge.

Jumanne, 9 Aprili

Nesi amekuja. Amempima mkono kwa utepe, akaniambia amepungua. Kisha akamwambia, "Bosi, nibane vidole." Bosi akambana. Nesi akasema kwamba mkono wa kushoto nao sio ule wa mwezi uliopita, nimpe kitambaa kilichokunjwa awe anakifinya kila siku. Na nimpe vitu laini.

"Mkate wake haujawahi kuwa laini," nikamwambia. "Una ganda linalolia ukilivunja."

"Baba, mimi nasema vitu laini."

Nikasema sawa, sawa. Unga niliokanda ulikuwa umeumuka jikoni na nilitaka kuuwahi. Ulipoingia kwenye oveni ulilala tena.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Kinu kimefungwa, barabara imekatika.

Jumamosi, 20 Aprili

Mwalimu amepiga simu. Nimemwambia mama yake anaendelea vizuri. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumwona. Hakusema kitu, na kwa mwanamke yule kukaa kimya ni tusi kubwa.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeupata!

Mama Mizani alishusha magunia mapya asubuhi. Nilichota kidogo kwenye kila gunia bila kuuliza lipi ni lipi, maana nimechoka na maneno ya wauzaji. Nikampelekea Bosi. Akachota wa kwanza, akafunga mkono, akafungua. Ukamwagika. Wote, kama mchanga, ukapita katikati ya vidole ukarudi kwenye sahani, hakukubaki donge hata la kutilia jino. Sikungoja ajaribu mwingine. Nimembusu paji la uso mbele ya Shemeji.

Nikarudi dukani mbio kwenye tope. "Gunia hili! Lote!"

Mama Mizani akalitazama. "Huo ni wa keki, mzee."

"Wewe unajua magunia. Bosi anajua unga."

"Naona ninachouza."

"Uza basi."

Nimempigia Mwalimu nikamwambia tumepata unga, kwamba wiki ijayo mama yake atakuwa anakula mkate mzima. Nilipiga kelele kama yule msagaji. Bosi alikuwa ameligeuzia uso dirisha.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkate umelala. Hamira imekufa, nadhani. Nitanunua nyingine.

Jumapili, 28 Aprili

Hamira mpya, maji ya vuguvugu, nimeufunika kwa blanketi la Bosi mwenyewe. Uliumuka vizuri, nikafurahi, kisha ukasambaa kwenye sinia kama mtu aliyekata tamaa. Ni oveni. Mlango haufungi sawasawa.

Jumanne, 30 Aprili

Nimefunga mlango wa oveni kwa waya. Nimekanda mpaka mabega yakauma. Umelala vilevile.

Nilikaa jikoni na lile gunia. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku moja tangu Machi: nikaingiza mkono wangu mwenyewe. Nikaufinya unga, nikafungua. Lilikuwa donge. Vidole vyangu vimejichora juu yake mpaka mikunjo ya ngozi. Nikasema mkono wangu una maji. Nikaufuta kwa kitambaa, nikaukausha kwenye joto la oveni, nikafinya tena. Donge, tena laini, la keki, kama Mama Mizani alivyoniambia mbele ya watu.

Nikakusanya mabaki yote. Ule uliokaa, mweupe, wa manjano, wenye tarehe nzuri, wa kinu. Yote yale aliyoyakataa. Nikayapanga mbele ya Bosi, nikamwekea sahani mapajani, na safari hii sikutazama unga. Nilitazama mkono.

Alichota kidogo. Vidole vilijikunja, vikafika nusu ya safari, vikasimama pale. Havikugusa kiganja. Unga ulikuwa unapita katikati yake kabla hata hajafungua. Akachota wa pili, ukamwagika. Wa tatu ukamwagika. Wote sasa ulikuwa unga mzuri. Hakuna uliobaki duniani ambao mkono ule ungeweza kuukataa.

Niliondoa sahani. Nikamwambia kama nesi, "Bosi, nibane vidole." Akanitazama kwa muda. Kisha akavishika, na nikangoja anibane, nikangoja, mpaka nikaelewa kwamba alikuwa ameshaanza kunibana na ndiyo yote aliyonayo.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia nimeweka kichwa kwenye magoti yake yenye unga, nikamwambia nisamehe, nilishangilia, nilimpigia mtoto simu nikashangilia. Juu ya kichwa changu nikasikia "siyo", kwa sauti ndogo. Sijui alikuwa ananikataza nini. Pengine hakuwa ananikataza kitu, ni neno tu lililobaki.

Lakini siku ile ya furaha yangu aliligeukia dirisha. Alijua. Mkono ni wake, angekosaje kujua? Aliniacha nifurahi, au hakuwa na namna ya kunizuia. Nimelifikiria hili tangu mchana na sioni tofauti yake ni nini.

Jumatano, 1 Mei

Kitambaa cha nesi nimekikuta kabatini, kimekunjwa vizuri, hakijawahi kutumika.

Jumamosi, 4 Mei

Shemeji amemwogesha, na leo nimeshika beseni. Nimeuona mgongo, mifupa yote inahesabika. Shemeji hakunisema. Alikuwa anamgeuza dada yake kwa mkono mmoja na kujishika kiuno kwa mwingine, na nikagundua kwamba amekuwa akiumwa kiuno hicho muda wote niliokuwa nikizunguka na mifuko ya karatasi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Shemeji, wewe ulikuwa unatafuta unga."

Ijumaa, 10 Mei

Mvua zimepungua. Msagaji ametuma habari kwamba mzigo uliovunwa mapema umefika. Nilikwenda. Niliingiza mkono wangu mwenyewe ndani ya gunia, watu wakinitazama, nikafinya. Haukushikana. Nilirudia mara kadhaa kwa sababu sijiamini tena. Ukamwagika kila mara, na ukiusugua kwa vidole una chembechembe.

Nimenunua kidogo. Sikuhisi kitu.

Jumapili, 12 Mei

Mwalimu alifika jana jioni na gari la kukodi. Alivua viatu, akaenda moja kwa moja chumbani, akakaa na mama yake mlango umefungwa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mdomo tayari kwa vita.

"Baba, nimekuja na maneno mengi."

"Yaweke. Mchukue."

Nadhani angependa nimpinge. Hata mimi ningependa. Tangu Machi nilikuwa namwona kama mwizi anayekuja kunivunjia nyumba, na sasa nilimwona ni mtoto aliyesafiri siku nzima akijifunza kwa moyo jinsi ya kugombana na baba yake.

"Hutaki hata kujua nitamhudumia vipi?"

"Utamhudumia vizuri kuliko mimi. Kwako kuna nesi jirani, kuna vijana wa kumnyanyua. Mimi simuwezi tena, na shangazi yako kiuno kimekwisha."

"Mama mdogo, baba. Sio shangazi."

"Huyo huyo."

Shemeji alicheka kidogo, kisha akaingia jikoni akalia kwa sauti kubwa.

Leo asubuhi nilioka kwa unga wa kinu. Uliumuka, ukapanda ndani ya oveni ukabaki juu. Ganda lilikuwa la kahawia, na nilipoligonga kwa chini lilitoa sauti tupu, ile ile iliyokuwa inatoka jikoni kwangu miaka yote nikiwa namnyoa mtu chumba cha mbele. Nilimpelekea Bosi auone. Aliunusa, nadhani. Au alivuta pumzi tu. Siku hizi hata "siyo" haisemi. Nilingoja aiseme, nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa naingoja.

Nikaufunga mkate kwenye taulo, nikauweka garini miguuni pake. "Mpe huu," nikamwambia Mwalimu. "Huu ndio wenyewe." Bosi alikuwa anatazama mbele, mkanda umemshika kifuani. Gari liliondoka polepole kwa sababu ya mashimo, kwa hiyo nilitembea nalo kidogo kabla halijaniacha.

Jumatatu, 13 Mei

Hakuna mvua. Nimenyoa watu.

Jumatano, 15 Mei

Shemeji amerudi kwake. Ameniachia supu kwenye sufuria na maelekezo ya kuipasha, kama mtoto.

Alhamisi, 16 Mei

Mwalimu amepiga simu mchana, nikiwa na mteja kwenye kiti. Sauti yake ilikuwa juu, ya furaha.

"Baba, mama amekula!"

Niliweka mkasi chini. "Amekula nini?"

"Mkate."

"Ule wangu?"

"Hapana, baba. Ule ulikuwa mgumu kwake, ganda lile hawezi. Tuliula sisi na watoto, mtamu sana, wanauliza babu ataleta lini mwingine. Mama nimempa mkate wa dukani, ule wa vipande. Nauchovya kwenye maziwa mpaka unalegea. Jana amekula, leo amekula tena."

Mkate ule Bosi alikuwa akiuita sponji. Mtu akituletea kwa heshima, alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaupeleka kwa kuku wa jirani. Na msimu mzima mimi nimetafuta unga wenye nguvu wa kumtengenezea mkate ambao meno yake na koo lake visingeuweza, huku mwanamke akifa njaa mbele yangu kwa kukosa kitu laini. Nesi alinieleza kwa maneno mawili.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Si habari njema?"

"Ni habari njema. Huo huo, mpe huo huo."

Nikakata simu kabla hajanisikia nikilia.